Kutumia kichwa cha amplifaya ya besi pamoja na pawa kubwa: chomeka tundu sahihi, linda vyombo vya kikundi

Kwaya au bendi yenu ina kichwa cha amplifaya ya besi. Kimezeeka. Taa inawaka, lakini spika yake haitoi sauti, au sauti ni ndogo na haifiki nyuma ya kanisa. Pembeni kuna pawa kubwa, ile mashine inayosukuma spika za ukumbi. Mtu mmoja anasema: "Chukua waya, toa huku, ingiza kule, itafanya kazi."

Anaweza kuwa amesema kweli. Anaweza pia kuunguza mashine zote mbili kwa sekunde chache. Yote yanategemea ni tundu lipi la kichwa unalotolea sauti.

Kama vyombo vyenu vilinunuliwa kwa michango ya wanakikundi, kosa moja linaweza kuwarudisha mlikoanzia. Soma makala haya kabla ya kuchomeka waya wowote, kisha mwonyeshe pia anayepiga besi na anayeshughulikia mixa.

Kichwa ni mashine mbili ndani ya sanduku moja

Kichwa ni amplifaya isiyo na spika ndani yake. Huwekwa juu ya kabati la spika na kuunganishwa nalo kwa waya. Wengine huiita ampli. Ndani yake kuna sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni priampu. Gitaa la besi hutoa umeme mdogo sana, kwa kawaida chini ya volti 1. Priampu huupokea, huukuza kidogo na kuupa ladha. Nobu zilizoandikwa GAIN, BASS, MID na TREBLE ziko kwenye sehemu hii.

Sehemu ya pili ni pawa. Hii huchukua umeme mdogo uliotoka kwenye priampu na kuufanya uwe na nguvu ya kusukuma spika.

Mara nyingi sehemu inayokufa ni pawa, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo na joto. Priampu inaweza kuwa bado nzima. Hapo una nusu ya mashine nzuri, na pawa ya nje inaweza kuchukua nafasi ya nusu iliyokufa. Kwa hiyo usikimbilie kukiuza kichwa kama chuma chakavu.

Matundu unayoweza kutumia

Geuza kichwa uangalie nyuma, na mbele pia. Tafuta moja ya maandishi haya:

- PREAMP OUT au EFFECTS SEND, mara nyingine SEND peke yake. Hapa hutoka sauti ya priampu kabla haijaingia kwenye pawa ya ndani. Hili ndilo tundu la kwanza kujaribu. Hutumia jeki kubwa ya kawaida, kama ya gitaa.
- LINE OUT. Kazi yake inafanana na ya hayo ya juu. Nalo linafaa.
- DI, DIRECT OUT au BALANCED OUT. Hili lina pini tatu kama za waya wa maikrofoni. Linafaa zaidi kuingia kwenye mixa. Kwenye vichwa vingi sauti yake ni ndogo kama ya maikrofoni, kwa hiyo ukiipeleka moja kwa moja kwenye pawa utaisikia kwa mbali tu. Ipitishe kwenye mixa kwanza.

Kando ya tundu la DI huenda kuna swichi iliyoandikwa PRE na POST. Ukiweka PRE, sauti hutoka kabla ya nobu za BASS, MID na TREBLE, na ukizizungusha hakuna kitakachobadilika kwenye spika za ukumbi. Ukitaka ladha ya kichwa chako isikike, weka POST.

Upande wa pawa ya nje, ingiza waya kwenye tundu la INPUT. Kama pawa ina njia mbili, A na B, na umeingiza kwenye A peke yake, hakikisha spika nazo zimeunganishwa kwenye A.

Tundu la kuliepuka

Usitoe waya kwenye SPEAKER OUT ya kichwa kuupeleka kwenye INPUT ya pawa au ya mixa. Usijaribu hata kwa sauti ya chini.

Hesabu yenyewe inaonyesha sababu. INPUT ya pawa imetengenezwa kupokea volti 1 hivi. Kichwa cha wati 300 kinachosukuma spika ya omu 8 hutoa takriban volti 49 kinapofika kileleni mwa nguvu yake. Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya kile ambacho INPUT inategemea. Mtu akigusa nobu kwa bahati mbaya, au mpigaji akivuta nyuzi kwa nguvu, vipande vya ndani vinaungua.

Kosa la pili ni kubwa vilevile: usiunganishe SPEAKER OUT ya kichwa na spika ambayo tayari inasukumwa na pawa nyingine. Mashine mbili zikisukuma spika moja, kila moja humwaga umeme ndani ya mwenzake. Wengine hufanya hivi wakidhani nguvu zitajumlishwa. Hazijumlishwi, na zote mbili zinaweza kufa.

Kosa la tatu linatokea pale pawa moja inapotumiwa na waimbaji na besi pamoja. Usitumie waya wa matawi mawili kuunganisha kichwa na mixa kwenye INPUT moja ya pawa. Kama pawa ni hiyo moja tu, peleka kichwa kwenye njia mojawapo ya mixa, halafu mixa ndiyo iende kwenye pawa. Ukitumia DI kwa njia hiyo, zima kwanza kitufe cha volti 48 kwenye mixa. Maikrofoni za kawaida za kushika mkononi hazikihitaji, na kuna vichwa ambavyo huharibika vikipokea umeme huo kinyumenyume.

Kichwa chako ni cha vali au cha transista?

Jibu la swali hili linabadilisha utaratibu wote.

Vichwa vya zamani vyenye vali, yaani zile taa za kioo zinazowaka ndani, vina transfoma kubwa upande wa kutolea sauti. Mfano unaojulikana sana ni Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na nguvu ya wati 300. Kichwa cha aina hii lazima kiwe na spika yake kwenye SPEAKER OUT kila wakati kinapowashwa, hata kama unachotumia ni PREAMP OUT tu. Kikiwashwa na kupigwa bila spika, transfoma inaweza kuungua, nayo ni kati ya vipuri vya bei kubwa kuliko vyote humo ndani.

Vichwa vya transista, pamoja na vile vidogo vya kisasa vilivyo vyepesi, kwa kawaida vinaweza kuwashwa bila spika. Hivyo ndivyo rahisi kutumia kama priampu.

Usidanganywe na vali moja ndogo. Kuna vichwa, kama Hartke HA3500, vyenye vali kwenye priampu huku pawa yake ni ya transista. Kinachohitaji spika muda wote ni kile chenye vali kubwa kwenye pawa, na utakitambua kwa uzito wake na kwa vali kadhaa kubwa zilizopangwa kwa safu. Usipokuwa na uhakika, acha spika imeunganishwa.

Na usifungue kichwa cha vali. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushika mamia ya volti hata baada ya kukichomoa kwenye umeme. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuzimwaga kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Zima kila kitu. Shusha nobu zote za pawa hadi sifuri.
2. Chukua waya wa gitaa, ule mwembamba wenye wavu wa chuma ndani, uunganishe PREAMP OUT au SEND na INPUT ya pawa.
3. Kutoka pawa kwenda spika tumia waya wa spika, wenye nyaya mbili nene. Usibadilishane nyaya hizi hata kama jeki zake zinafanana. Waya wa gitaa ukibebeshwa nguvu ya spika hupata moto. Waya wa spika ukibeba sauti ndogo huleta mvumo.
4. Washa kichwa kwanza. Subiri kidogo. Kisha washa pawa. Ukibadilisha utaratibu huu, mshindo wa kuwasha kichwa utapita kwenye pawa na kupiga spika.
5. Mwambie mpigaji apige kwa nguvu kama anavyopiga wimbo ukichangamka. Panda GAIN ya kichwa mpaka taa ya CLIP au PEAK ianze kumulika, halafu rudisha chini kidogo.
6. Sasa panda nobu ya pawa polepole mpaka sauti itoshe. Taa ya CLIP ya pawa ikiwaka mara kwa mara, punguza. Sauti iliyopasuka huchoma spika.
7. Wakati wa kufunga, zima pawa kwanza, kichwa mwisho.

Usishangae kama nobu ya MASTER haibadilishi kitu. Kwenye vichwa vingi SEND iko kabla ya MASTER, na sauti utaipandisha na kuishusha kwenye pawa ya nje. Na kama ukichomeka waya kwenye SEND spika ya kichwa inanyamaza, au inaendelea kulia, zote mbili ni hali za kawaida. Inategemea kilivyotengenezwa.

Hatua hizi pia ni njia ya kupima kichwa mlichodhani kimekufa. Sauti ikitoka safi kupitia SEND, priampu ni nzima. Lakini kama kichwa kinakata fyuzi kila kikiwashwa, simama hapo. Usifunge fyuzi kwa karatasi ya sigara wala kwa uzi wa waya. Fyuzi ikikatika, inakuonya kwamba kuna hitilafu ndani. Ukiinyamazisha, kitakachofuata kinaweza kuwa moto.

Hesabu ya spika

Kila pawa imeandikwa omu ndogo kabisa inayoweza kubeba, kwa mfano 4. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo pawa inavyotoa umeme mwingi na kupata joto.

Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Spika nne za omu 8 huwa omu 2. Kama pawa yako inaruhusu omu 4 kwa kila njia, usiweke zaidi ya spika mbili za omu 8 kwenye njia moja. Ukitumia hali ya BRIDGE, kila njia huona nusu ya omu za spika, kwa hiyo pawa hiyohiyo itahitaji spika ya omu 8 au zaidi.

Angalia pia aina ya spika. Besi inahitaji spika kubwa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Spika za redio ya nyumbani hazivumilii nyuzi za chini za besi, hata kama kwa wimbo wa kawaida zinasikika vizuri.

Mvumo, na waya wa ethi

Ukiunganisha mashine mbili, huenda ukasikia mvumo wa chini usiokoma. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba mashine zimechomekwa kwenye soketi tofauti. Chomeka kichwa, mixa na pawa kwenye ekstensheni moja, almradi iwe nene ya kutosha kubeba mzigo huo. Kama mvumo unabaki na unatumia DI, bonyeza kitufe cha GROUND LIFT kilicho kando yake.

Usikate waya wa ethi wa plagi ili kuondoa mvumo. Nyuzi za gitaa la besi zimeungana na bodi ya chuma ya kichwa. Kama kichwa kina hitilafu na hakina ethi, umeme wa ukutani unaweza kufika kwenye nyuzi. Mpigaji ameshika nyuzi, anasogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aimbe, na umeme unapita mwilini mwake. Watu hufa kwa njia hii.

Hatari hii iko karibu kuliko unavyofikiri kwa wale waliovuka mpaka na vyombo vyao. Kongo na Burundi hutumia plagi ya miguu miwili ya mviringo. Uganda, Kenya na Tanzania zina soketi ya matundu matatu bapa. Wengi husukuma tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie. Taa itawaka na muziki utapiga, lakini ethi haipo kabisa. Mwombe fundi abadilishe plagi na kuweka ya miguu mitatu, na ahakikishe waya wa ethi umefungwa mahali pake. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na uhai wa mtu.

Angalia pia volti. Nchi zetu hizi hutumia volti 220 hadi 240. Kichwa kilicholetwa kutoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 120, na ukikichomeka kwenye soketi ya hapa kitaungua papo hapo. Soma maandishi nyuma ya kichwa. Kama kimeandikwa 120V peke yake, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Kama mnatumia sola au jenereta

Pawa kubwa inakula umeme. Mzigo wa wati 600 kutoka betri ya volti 12 huvuta ampea 50, bila kuhesabu kinachopotea ndani ya inverta. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ingebeba mzigo huo kwa saa mbili kwenye karatasi. Kiuhalisia haifai kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo hesabu saa moja au pungufu. Muziki hauvuti nguvu ya kilele muda wote, hivyo mtapata zaidi ya hapo, lakini msipange ibada ya saa nne kwa betri moja. Tumieni nyaya nene na fupi kati ya betri na inverta, na wekeni fyuzi karibu na betri.

Inverta za bei nafuu ambazo umeme wake haufanani na wa gridi huleta mvumo na kupasha transfoma joto. Mashine ikianza kunguruma au kunuka, zima.

Kwa jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uwashe mashine. Zima mashine kabla mafuta hayajaisha. Umeme wa jenereta inayokaribia kuzimika hupanda na kushuka ovyo, na hapo ndipo vyombo huumia.

Kabla ya kuchanga pesa

Huenda kikundi kinafikiria kununua pawa ya nje kwa ajili ya besi. Kaeni kwanza mfanye hesabu hii. Kutoka wati 300 hadi wati 600, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu. Sikio husikia tofauti, lakini ni ndogo. Ili sauti isikike kama imekua mara mbili, inahitajika nguvu ya takriban mara 10.

Kwa hiyo pawa yenye wati mara mbili haitajaza ukumbi mara mbili. Mara nyingi msaada mkubwa hupatikana kwa kuongeza kabati la spika, kuliweka spika chini karibu na ukuta, au kumwomba mpiga gitaa na mpiga kinanda wapunguze sauti ili besi ipate nafasi. Mambo mawili ya mwisho hayagharimu kitu.

Pawa ya nje ina maana pale ambapo pawa ya kichwa imekufa, au pale ambapo tayari mnayo na haina kazi. Na kama mixa na spika zenu zinatosha, kisanduku kidogo cha DI kinaweza kuingiza besi kwenye mixa bila kichwa chochote. Ladha ya kichwa mtaikosa, lakini besi itasikika.

Kumbuka

- Toa sauti kwenye PREAMP OUT, SEND, LINE OUT au DI. Usitoe kwenye SPEAKER OUT.
- Kichwa chenye pawa ya vali hakiwashwi bila spika yake.
- Washa pawa mwisho, zima pawa kwanza.
- Waya wa ethi haukatwi, na plagi hailazimishwi kwa kijiti.
- Usipojua tundu fulani ni la nini, liache mpaka umpate anayelijua.

Andika majina ya matundu kwenye vipande vya gundi ya karatasi na uvibandike nyuma ya mashine kwa Kiswahili: "Kwenda pawa", "Spika tu", "Usiguse". Siku ambayo wewe hupo na kijana mwingine ndiye anayefunga vyombo kwa ajili ya harusi au msiba, maandishi hayo ndiyo yatakayomwelekeza.